Mwenzi amefariki na wewe umestaafu: hela gani ni haki yako na uanzie wapi

Poleni kwanza. Hii ni kwa mstaafu aliyefiwa na mume au mke, au kwa mtoto anayemsaidia kufuatilia, maana mara nyingi mtoto ndo anasoma haya usiku huku mzee kalala. La kwanza mjue: hakuna ofisi itakayopiga simu kusema njooni mchukue hela zenu. Karibu mafao yote ya aina hii anapewa aliyeomba. Ufaransa kwa mfano, aliyefiwa anaweza kupata asilimia 54 ya pensheni ya msingi ya mwenzi aliyefanya kazi sekta binafsi, lakini haiji yenyewe hata kama mliishi pamoja miaka hamsini, bila fomu hakuna kitu.

Kabla ya kudai, toeni taarifa ya kifo kwa wanaolipa pensheni ya marehemu, na hela yoyote inayoingia kwake baada ya kifo msiiguse. Hapa watu wanaumia sana, kadi ya marehemu ipo, namba ya siri inajulikana, msiba una gharama, basi mtu anatoa, alafu baadae mfuko unaidai yote na wengine wanaikata kwenye mafao ya mjane mwenyewe. Marekani, Social Security (mfuko wa pensheni wa serikali) hailipi kabisa pensheni ya mwezi mtu aliofariki, na kwa vile wao hulipa ya mwezi uliopita, ile ya mwezi wa kifo ikiingia mwezi unaofuata inatakiwa irudi. Ila kumbukeni na upande wa pili: malimbikizo. Kama kuna nyongeza iliyocheleweshwa, au malipo ambayo marehemu alishastahili kabla ya kufa na hayajaingia, hayo ni ya warithi. Ulizeni hivyo hivyo, "kuna malimbikizo yoyote ya marehemu?", maana usipouliza watakujibu tu kuhusu pensheni ya kila mwezi.

Karatasi sasa. Cheti cha kifo (chukueni nakala kadhaa zilizothibitishwa, kila ofisi inataka yake), cheti cha ndoa, vitambulisho vyenu wote wawili, namba ya pensheni ya marehemu, na akaunti ya benki yenye jina lako mwenyewe, siyo ya mtoto. Kinachokwamisha faili zaidi ya vyote ni majina. Kwenye cheti cha ndoa Zakaria, kwenye kitambulisho Zacharia, kwenye kumbukumbu za kazi jina la babu limerukwa, na kwa kompyuta hao ni watu watatu. Lisawazisheni mapema kwa hati ya kiapo, msisubiri faili lirudishwe baada ya miezi.

Pensheni yenyewe ndo kubwa, na kila mfuko una sheria zake kwa hiyo usimsikilize jirani aliyelipwa na mfuko mwingine. Maswali yako ni haya: je pensheni ya marehemu ina sehemu ya mwenzi, ni kiasi gani, ni ya maisha au ya muda, na itaathiri vipi pensheni yangu mimi? Hilo la mwisho wastaafu wengi wanalisahau. Marekani wakikupa ya Social Security hujumlishiwi mbili, unabaki na ile iliyo kubwa kati ya yako na ya marehemu. Ujerumani miezi 3 ya mwanzo baada ya mwezi wa kifo unalipwa kiwango kizima cha pensheni ya marehemu, baada ya hapo inashuka mpaka asilimia 55 au 60 kutegemea ndoa ilifungwa lini, na kipato chako kikivuka kiwango fulani wanapunguza tena. Kwa hiyo usipange bajeti ya mwaka kwa kuangalia malipo ya kwanza.

Kama alikuwa na pensheni binafsi aliyonunua kampuni ya bima, tafuteni mkataba wenyewe. Kuna aina inayomlipa mtu mmoja tu, akifa imekwisha, na kuna ya wawili ambayo inaendelea kwa aliyebaki. Lakini hata ile ya mtu mmoja inaweza kuwa na kipindi cha uhakika, tuseme miaka 10, maana yake kama kafariki baada ya miaka 4 bado kuna miaka 6 ya kulipwa waliobaki. Familia inaambiwa "ilikuwa ya mtu mmoja" inaondoka, kumbe.

Alafu kuna hela za mkupuo. Bima ya maisha, kiinua mgongo ambacho hakijalipwa, akiba ya ushirika, fao la mazishi. Nyingi ya hizi zinafuata jina la mteule aliyeandikwa kwenye fomu, siyo wosia, na fomu yenyewe inaweza kuwa imejazwa enzi za ujana ikiwa na jina la mke wa zamani. Ombeni kuiona. Njia yangu ya kuzinasa ambazo hamkuzijua ni kuchukua taarifa ya benki ya marehemu ya mwaka mzima na kupita na kalamu kila makato: kile kikato kidogo kinachotoka tarehe ileile kila mwezi, au mara moja kwa mwaka, mara nyingi ni bima ambayo hakuna mtu nyumbani anaikumbuka. Na kama alikuwa na mkopo, ulizeni kama ulikuwa na bima ya mkopo kabla hamjalipa hata senti, sababu ikiwepo, bima inaweza kulimaliza deni au sehemu yake. Deni lake peke yake kwa kawaida linalipwa kutoka mali aliyoacha. Usisaini karatasi ya kulibeba wewe eti kwa heshima ya marehemu.

Akaunti ya pamoja huwa ni rahisi, ya jina lake peke yake inasubiri mirathi. Bima ya afya mliyokuwa nayo kupitia yeye iulizeni mapema kabisa, inaweza kukatika kimyakimya ukaja kujua uko dirishani hospitali.

Kuoa au kuolewa tena nako kunaweza kugusa hela. Ujerumani pensheni ya mjane inakatika ila unapewa mkupuo wa mara 24 ya wastani wa pensheni hiyo kwa mwezi, Marekani ukiolewa tena baada ya kufikisha miaka 60 hupotezi. Ulizeni kabla ya ndoa, siyo baada.

Muda nao. Ujerumani ukichelewa kuomba wanarudi nyuma miezi 12 tu, ya kabla ya hapo imepotea, na mifuko mingi ina mpaka wa namna hii, kwa hiyo hata kama karatasi moja haijapatikana pelekeni maombi kwanza, mkabidhiwe risiti yenye tarehe, iliyobaki mtapeleka. Wakikataa, ombeni sababu kwa maandishi na mkate rufaa ndani ya siku walizoandika kwenye barua. Na yule anayejitokeza akisema ana mtu wake ndani, atakuharakishia kwa asilimia kadhaa, usimpe namba ya siri wala kitambulisho halisi.

Malipo yakianza, linganisheni kiasi na barua ya mfuko, na mwezi walioanza kuhesabia, makosa hapo hutokea. Baada ya hapo wewe mwenyewe sasa ndo unahakikiwa (kuthibitisha kwamba bado uko hai) kwa pensheni mbili, yako na hiyo mpya, na tarehe zake zinaweza zisifanane, kwa hiyo ziandike zote kwenye kalenda.