Ukienda Barabara ya Luthuli, Nairobi, kutafuta gita la besi la kupigia muziki wa metali, anza na uzi mnene

Besi yangu ya kwanza niliinunua kwa macho. Ilikuwa nyeusi tii, pembe zake zimechongoka, na shilingi 18,000 nilizokuwa nimeweka zilitosha kabisa. Jioni ile ile nikaipeleka mazoezini mtaani Umoja. Wapiga gita wetu wawili walikuwa wameshusha nyuzi zao hadi noti ya C. Niliposhusha zangu, uzi mnene ukalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Nikipiga kwa nguvu, unagonga freti, vile vyuma vilivyopangwa shingoni, sauti inapanda kidogo halafu inarudi, na hakuna aliyejua ninapiga noti gani. Ilikuwa besi ya shingo fupi, urefu wa uzi unaotetemeka ukiwa inchi 30. Dukani hakuna aliyeniuliza nataka kupiga muziki gani, nami sikujua kwamba ni jambo la kusema.

Kwa hiyo kabla hujapanda matatu kwenda mjini, waulize wenzako wa bendi: uzi wa sauti ya chini kabisa, ule mnene, tunaushusha hadi wapi? Jibu la swali hilo ndilo linalochagua besi. Rangi na umbo vije baadaye.

Uzi wa E wa besi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Ukiushusha hadi C, mitetemo inakuwa kama 33, na uzi ule ule unapoteza zaidi ya theluthi moja ya mkazo wake. Tangu bendi ya Black Sabbath ilipoanza kulegeza nyuzi mwanzoni mwa miaka ya 1970, muziki wa metali umezidi kushuka, na besi ndiyo inayoumia kwanza. Dawa ni mbili tu: shingo ndefu na uzi mnene. Bendi ikibaki kwenye E, au ikishuka hadi D, besi ya nyuzi nne yenye urefu wa kawaida wa inchi 34 inatosha, ukiifunga seti ya nyuzi za unene wa 45 hadi 105 (kwa elfu za inchi), au 50 hadi 110 kama mkono wako ni mzito. Mkifika C au B, tafuta ya nyuzi tano yenye uzi wa B wa 130 hivi. Au chukua ya nyuzi nne uifunge B, E, A na D kutoka kwenye seti ya nyuzi tano. Hapo fundi atalazimika kupanua mifereji ya ule mfupa ulio juu ya shingo ili nyuzi nene zikae vizuri.

Hapa Nairobi tuna bahati moja ambayo vijana wa roki huwa hawaioni. Wapiga besi wengi wa kanisani hutumia nyuzi tano, na wakipata kitu kipya huuza cha zamani. Besi hizo zimepigwa kila Jumapili na zimetunzwa. Ukiona moja inauzwa, usiipuuze kwa sababu imetoka kwenye kwaya. Uzi wa B haujui dini ya mtu.

Ukiipata, ijaribu kwanza bila kuichomeka. Luthuli ni kelele tupu, kila duka lina spika mlangoni, kwa hiyo weka taya lako juu ya pembe ya gita kisha upige uzi wa chini. Mfupa wa taya utakuletea sauti hadi sikioni. B nzuri utaisikia ikiimba kwa sekunde kadhaa. Mbovu inapiga dufu na kufa kama godoro linalokung'utwa. Ndipo uichomeke, na uombe: "Bosi, naomba ile spika kubwa." Kispika kidogo cha mazoezi hakiwezi kutoa mitetemo 31 ya B, utasikia sauti zake za juu tu na udhani besi ni nyepesi.

Kuhusu pikapu, yaani zile sumaku zinazonasa mtetemo, mimi nina upande. Napenda ile iliyogawanyika vipande viwili ambayo kampuni ya Fender iliiweka kwenye besi yake ya Precision mwaka 1957. Ina mkoromo wa katikati unaopenya kati ya magita mawili yenye makelele, na Steve Harris, mpiga besi wa Iron Maiden, amejenga maisha yake yote juu ya Precision. Pikapu za koili (waya uliozungushwa) moja moja, kama za Jazz Bass, besi nyingine ya Fender, ni tamu, lakini ukitumia moja peke yake hunguruma. Katika vyumba vyetu vya mazoezi, ambako taa na spika zote zimening'inia kwenye ekstensheni moja, ukikanyaga pedali ya distoshoni, ile ya kukwaruza sauti, ngurumo hiyo inakuwa mwanabendi wa tano. Pikapu ya koili mbili, kama ile ya Precision, inakuepusha na hayo.

Shingo usiikimbilie. Bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, uangalie katikati: panapaswa kuwa na upenyo mdogo, kama unene wa kadi. Ukiwa mkubwa, mwambie muuzaji azungushe chuma cha ndani ya shingo mbele yako. Kikikataa kuzunguka, ondoka. Kisha gusa uzi juu ya freti ya 12 upige, ubonyeze hapo hapo upige tena, huku programu ya kupimia noti ikiwa wazi kwenye simu. Noti hizo mbili zilingane.

Beba mkanda wako wa gita. Ivae, simama, uachie mkono wa kushoto. Kichwa cha besi kikianguka chini, utapiga shoo nzima ukiwa umebeba shingo badala ya kupiga muziki. Kilo nne ninazimudu; kilo tano zilinimaliza bega kabla ya wimbo wa sita.

Na kama besi ni ya betri, ile ya volti 9, chomoa waya kila unapomaliza. Waya ukilala ndani ya gita, betri inaliwa usiku kucha hata kama hakuna anayepiga.