Kundi la kazi: namna ya kuandika ujumbe unaofanyiwa kazi

Ninaratibu timu ambayo wengi wao hawakai ofisi moja, kwa hiyo karibu kila kitu chetu kinapitia kwenye kundi la WhatsApp. Ninachosisitiza kila siku ni hiki: kundini ni mahali pa kuzungumza, maamuzi yatafutiwe makazi mengine.

Anza na jinsi unavyoomba kazi. Ujumbe huu unaujua: "Jamani, ile ripoti imefikia wapi?" Wote wanausoma, tiki zinageuka buluu, kimya. Hakuna aliyekataa, ila kila mmoja anadhani anaulizwa mwenzake. Mtagi mhusika, kisha andika: "Naomba jedwali la gharama la ripoti ya Juni kabla ya Alhamisi saa 6 mchana. Ukikwama kwenye gharama za usafiri, niambie leo." Hapo kuna mwenye kazi, kuna kazi yenyewe, kuna muda, na kuna ruhusa ya kusema amekwama. Hiyo ya mwisho wengi huisahau, na ndiyo inayokuokoa Jumatano usiku.

Ukijibu, jibu juu ya ujumbe husika. Maswali matatu yakiwa yamepangana halafu mtu akaandika "Sawa" peke yake, ni sawa ya lipi? Mmoja ataelewa malipo yameruhusiwa, mwingine ataelewa kikao kimeahirishwa. Kwenye Slack na Teams, programu za mawasiliano ya kazini, majibu yanaweza kukaa chini ya ujumbe wake. Tumia nafasi hiyo.

Mjadala ukiisha, mtu mmoja aandike mistari mitatu: tumeamua nini, nani anafanya, lini. Ibandike juu ya kundi, lakini usiishie hapo. WhatsApp hubandika ujumbe kwa siku 30 tu kwa muda mrefu kabisa, na Slack ya bure huficha ujumbe uliopita siku 90. Nakili uamuzi kwenye faili la pamoja ambalo hata mgeni wa mwezi ujao atalifungua na kuelewa.

Ujumbe wa sauti ni mzuri kwa kueleza jambo lenye hisia, maana sauti hubeba upole ambao maandishi huukosa. Lakini kiasi cha fedha, tarehe na majina viandikwe. Si haki kumsikilizisha mtu dakika nne akitafuta tarehe moja.

Kumkosoa mtu, mfuate inbox au mpigie simu. Hili silegezi kabisa. Aliyesemwa mbele ya wenzake huacha kuuliza maswali, na asiyeuliza hukosea kimyakimya hadi kazi inaharibika. Kumpongeza, mpongeze hadharani, ukitaja alichofanya.

Usiku uacheni upumue. Ufaransa ilianza mwaka 2017 kuyataka makampuni yenye wafanyakazi 50 na zaidi kujadiliana na wawakilishi wao kuhusu haki ya kutoshikwa na simu za kazi baada ya saa za kazi. Timu yenu haihitaji kusubiri sheria. Slack na Teams zina sehemu ya kupanga muda wa kutuma. Ukiwaza jambo saa 5 usiku, panga lifike asubuhi. La dharura, piga simu.

Na anayeacha kazi aondolewe kundini siku hiyo hiyo, baada ya kuagwa vizuri, kwa sababu humo mna taarifa za wateja.