SOMO: Jinsi ya kumpata fizio anayejua kazi yake

Wakuu habari zenu. Inaniuma kuona mtu analipia sesheni za fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi) miezi na miezi halafu goti liko vile vile, kwahiyo leo tuelekezane.

1. Jua kwanza shida yako iko upande gani. Hawa watu wana fani zao, kuna waliobobea kwenye kiharusi, kuna wa watoto, wa wanamichezo, wa kina mama waliotoka kujifungua. Mzee kapooza upande mmoja, mtafutie aliyezoea kiharusi.

2. Ulizia leseni. Muombe namba ya usajili uhakikishe, mwenye nayo hakasiriki. Anayefanya masaji tu sio fizio.

3. Siku ya kwanza ndio mkae macho. Mzuri anauliza maswali mengi kabla hajakugusa, ilianzaje, ngazi unapandaje, usiku maumivu yanakuamsha, ulishafanyiwa opereshoni, unatumia dawa gani. Halafu atakwambia utembee, ukae uinuke, atachukua kile kipimo chake kama rula mbili zilizoungana aone goti linakunja nyuzi ngapi, ANAANDIKA. Hayo maandishi ni muhimu sana maana baada ya wiki kadhaa anapima tena, ndio mtajua kama mnasogea au mnapoteza hela tu. Ila ukifika tu ukalazwa kitandani, ukawekewa mashine ya umeme akaondoka zake kuhudumia wengine, na kila siku ni hivyo hivyo, aisee hama.

4. Lazima akupe mazoezi ya nyumbani, na uyafanye mbele yake kwanza akurekebishe.

5. Akitaka ulipie sesheni 20 kwa mpigo kabla hata hajakupima, kataa.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu mazoezi yakiuma niache?
Jibu: Maumivu madogo yanayopoa ndani ya siku moja kwa kawaida sio shida, japo mwambie. Yakizidi mpaka kesho yake au goti likavimba, punguza na umpe taarifa, fizio mzuri anabadilisha zoezi, hakulazimishi.

Swali: Mama kapata kiharusi, ndugu wanasema apumzike kwanza apate nguvu ndio aanze, mnashauri nini?
Jibu: Pole sana dada. Msisubiri, hali yake ikishatulia muulizeni daktari aanze lini, mara nyingi ni ndani ya siku chache tu akiwa bado wodini. Miezi ya mwanzo ndio mwili unarudisha vitu vingi zaidi, na nyie mnaomuuguza mfundishwe kumgeuza na kumuinua bila kumvuta ule mkono uliolegea, bega linaharibika.

Swali: Mgongo unaniuma na tangu jana nina ganzi huku ninapokalia, mkojo nao unatoka kwa shida, nianze na fizio gani?
Jibu: Ndugu yangu acha habari za fizio, nenda hospitali emergensi sasa hivi, hiyo inaweza kuwa mishipa ya fahamu imebanwa chini ya uti wa mgongo na ukichelewa hali inaweza isirudi. Waambie hivyo hivyo ulivyoandika hapa, ganzi na mkojo, usiwaambie mgongo peke yake.