Jasho Jingi la Makwapa na Kikwapa: Namna ya Kujitunza Ukiwa Nairobi

Mtu anayetokwa na jasho jingi kwapani hujifunza mapema kujificha. Huchagua shati jeusi au jeupe kwa kuwa la buluu au la kijivu litamfichua, hukataa kuvua koti hata jua la saa nane linapowaka, na ndani ya basi lililojaa la kuelekea mjini hushikilia mgongo wa kiti badala ya chuma cha juu, asije akainua mkono mbele ya watu. Nimeishi hivyo tangu kidato cha pili. Ningaliepuka miaka mingi ya dhiki hiyo lau ningalijua kwamba jasho na kikwapa ni matatizo mawili, kwamba huweza kuja pamoja au kila moja likaja peke yake, na kwamba dawa ya moja si lazima iwe dawa ya lingine.

Ngozi ina tezi za jasho za aina mbili kuu. Za kwanza zimeenea karibu mwili mzima, na kazi yake ni kuupoza mwili kwa kutoa maji yenye chumvi. Hizi ndizo zinazolowesha shati. Za pili ziko hasa makwapani na sehemu za siri, huanza kufanya kazi wakati wa kubalehe, na hutoa umajimaji mzito kidogo wenye mafuta na protini. Umajimaji huo unapotoka huwa karibu hauna harufu. Harufu huja pale bakteria wanaoishi juu ya ngozi, mahali penye joto na unyevu, wanapoumeng'enya na kuacha kemikali kali, baadhi yake zikiwa na salfa na kunuka kama kitunguu. Ndiyo maana mtu anaweza kulowa shati zima asinuke, na mwingine akatoa kikwapa hali shati lake ni kavu. Hata urithi una mchango wake: watu wengi wa Korea, China na Japani huzaliwa na umbo la jeni iitwayo ABCC11 linalofanya makwapa yao yasiwe na harufu kali na nta ya masikio yao iwe kavu. Hawatushindi kwa kuoga, wamezaliwa hivyo. Nalisema hili kwa sababu nimewaona watu wazima, wasafi kuliko wengi, wakiitwa wachafu kwa jambo ambalo hawakulichagua.

Kwa mwenye kikwapa, hatua ya kwanza ni kupunguza bakteria. Osha makwapa mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala. Mitaani kwetu maji huja kwa zamu, na wiki nyingine mifereji hukauka kabisa, lakini makwapa hayahitaji mtungi mzima: nusu karai ya maji, sabuni na kitambaa safi vinatosha hata siku ambayo hutaoga mwili wote. Acha povu likae juu ya ngozi kwa dakika moja au mbili kabla ya kulisuuza, kisha ujikaushe kwa kugandamiza taulo taratibu hadi pawe pakavu kabisa. Kusugua kwa jiwe au kwa sifongo gumu hakuondoi harufu, bali huchubua ngozi na kuizidishia matatizo. Sabuni ya kawaida isipofaa, jaribu ya kuua viini. Hiyo nayo ikishindwa, mwulize mfamasia dawa ya kuoshea chunusi yenye benzoili peroksaidi, ambayo huwaua bakteria wa kwapani vilevile. Ipake kwa dakika chache, mara mbili au tatu kwa wiki mwanzoni, uisuuze vyema, na utumie taulo nyeupe kwa kuwa dawa hiyo huondoa rangi ya nguo.

Nywele za kwapa hushika unyevu na mabaki ya jasho, hivyo kuziondoa au kuzipunguza husaidia harufu, ingawa hakupunguzi jasho lenyewe. Majirani wetu Waislamu wanalo hili katika sunna, tena kwa mpaka wa siku 40, na ni desturi ambayo yeyote anaweza kuifuata kwa faida yake.

Kichupa kile kile, wakati tofauti

Sasa tuje kwenye jasho, ambako makosa ni mengi zaidi. Kwenye rafu za supamaketi, deodoranti na vizuia jasho hupangwa pamoja, nasi huviita vyote kwa jina moja. Deodoranti hupunguza bakteria na kuifunika harufu kwa manukato, lakini haizuii hata tone la jasho. Kizuia jasho kina chumvi za alumini ambazo huyeyuka katika jasho na kufanya kizibo chembamba kwenye mdomo wa kijitundu linamopitia. Kizibo hicho hukaa kwa muda kisha huondoka chenyewe kadiri ngozi inavyojivua. Geuza kichupa usome kibandiko. Kama hakuna neno "antiperspirant" popote, basi ulichonunua hakitakupunguzia jasho, hata kiwe cha bei gani.

Na kizuia jasho kipakwe usiku. Karibu kila mtu hukipaka asubuhi, dakika tano baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu na mwili umekwisha kupata joto kwa haraka ya kuwahi gari. Jasho linalotoka wakati huo hukisukuma nje kabla hakijashika, na kinachobaki huishia kwenye shati kikiacha doa la manjano. Usiku jasho la kwapani hupungua sana, hivyo chumvi ile hupata saa nyingi za kuingia na kuziba. Ukiamka, oga kama kawaida bila hofu ya kuiharibu kazi hiyo, kwa sababu vizibo vimekwisha kushika ndani, kisha paka deodoranti ukipenda. Mimi mwenyewe nilihamisha kichupa kutoka bafuni nikakiweka kando ya kitanda, bila kubadilisha aina, na baada ya wiki mbili nilivaa shati la buluu kwenda kazini kwa mara ya kwanza.

Ukikitumia hivi kwa wiki kadhaa usipate nafuu, omba kwenye duka la dawa kile chenye aluminiamu kloraidi, ambacho hupatikana hadi kiwango cha asilimia 20. Hiki ni kikali na kina masharti yake. Kwapa liwe kavu kabisa, kwani dawa hii ikikutana na maji hufanya asidi inayowasha. Kwa hiyo usipake mara tu utokapo kuoga, bali ngoja nusu saa au ujipepee vizuri kwanza. Usipake kwenye ngozi yenye michubuko, wala ndani ya siku mbili baada ya kunyoa. Paka safu nyembamba, ulale, ukioshe asubuhi. Endelea kila usiku hadi jasho lipungue, jambo ambalo kwa kawaida huchukua wiki moja hivi, kisha punguza hadi mara moja au mbili kwa wiki, maana kulinda hali ni rahisi kuliko kuanza upya. Ikikuwasha kidogo, ruka usiku mmoja au miwili. Krimu hafifu ya haidrokotizoni ya asilimia 1, ikipakwa asubuhi kwa siku chache, hutuliza. Ngozi ikivimba au kutoa maji, acha kabisa.

Wengi huhofia saratani ya matiti. Tafiti zilizofanyika hadi sasa hazijathibitisha kwamba vizuia jasho huisababisha. Wanaopaswa kumwuliza daktari kwanza ni wenye ugonjwa mkubwa wa figo, kwa kuwa ni figo zinazoitoa alumini mwilini.

Kabla ya vichupa hivi ilikuwapo shabu, lile jiwe jeupe lenye kung'aa ambalo vinyozi hulipitisha kwenye mikato midogo, na hadi leo huuzwa kwenye maduka ya viungo na ya dawa za asili. Siidharau. Nayo ni chumvi ya alumini, na ukiilowesha kidogo na kuipitisha kwenye kwapa safi huwapunguza bakteria, ingawa kwa jasho jingi nguvu yake ni ndogo. Ndimu na magadi, kinyume chake, nakusihi uviache. Ndimu ni asidi, huchoma ngozi iliyonyolewa na huweza kuacha madoa meusi. Magadi huivuruga asidi kidogo ambayo ngozi huihitaji kujikinga, na nimeona kwapa lililobabuka vibaya kwa wiki moja tu ya kujisugua kwa soda ya kuokea mandazi. Aliyekwisha kupata weusi kwapani asikimbilie krimu za kuchubua zinazouzwa kando ya barabara. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na vingi vya hivyo vya barabarani havisemi ukweli kuhusu kilichomo.

Nguo na hali ya hewa ya jiji

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi wake wa asubuhi hutuhadaa. Mtu huondoka nyumbani saa kumi na mbili amevaa fulana, shati, sweta na jaketi, kisha hukaa navyo vyote ndani ya gari lililofungwa madirisha, akafika ofisini amekwisha kulowa. Vaa nguo zinazovulika kwa urahisi, na ile inayogusa kwapa iwe ya pamba. Polista hushika harufu kuliko pamba, kwa sababu mafuta ya mwili hung'ang'ania nyuzi zake na bakteria wanaotoa harufu hustawi humo. Ukichagua mashati katika soko la mitumba la Gikomba, tafuta kibandiko cha ndani usome kitambaa ni nini, na uinuse sehemu ya kwapa kabla ya kulipa. Harufu iliyokwisha kukomaa katika polista ni vigumu sana kuitoa.

Kuna watu ambao mwili wao umekwisha kutakata, ila shati ndilo linalonuka. Utalijua hili shati linaponukia vyema kabatini, kisha likaanza kunuka robo saa baada ya kulivaa au linapoguswa na pasi. Ligeuze ndani nje, uliloweke kwa nusu saa kwenye nusu ndoo ya maji yenye nusu kikombe cha siki nyeupe, kisha ulifue kwa sabuni ukisugua sehemu za kwapa. Usichanganye kamwe siki na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Anika juani likiwa bado limegeuzwa. Mwezi wa Julai, nguo zinapokaa kambani siku mbili bila kukauka, heri kufua chache kwa wakati na kuzitawanya, maana unyevu wa muda mrefu nao huleta uvundo wake. Udi na manukato hupendeza juu ya nguo safi. Juu ya kikwapa huongeza harufu ya pili.

Chakula kina mchango mdogo. Pilipili na vinywaji vya moto huongeza jasho, kitunguu saumu na pombe huweza kubadilisha harufu, na kila mtu atajipima mwenyewe. Usijinyime maji ya kunywa kwa kudhani utatokwa na jasho kidogo.

Wakati wa kumwona daktari

Jasho jingi lisilotokana na ugonjwa mwingine kwa kawaida huanza utotoni au ujanani, hutokea makwapa yote mawili, hukoma mtu akilala, na mara nyingi lipo katika ukoo. Jasho lisilofanana na hilo lichunguzwe. Ukiloa usiku hadi shuka zibadilishwe, hasa ukiwa na kikohozi cha wiki mbili, homa au kupungua uzito, nenda ukapimwe kifua kikuu. Matibabu yake hutolewa bure katika vituo vya afya vya umma. Jasho lililoanza ghafla ukubwani, pamoja na moyo kwenda mbio na kukonda, huweza kuwa ni tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Kisukari, kukoma kwa hedhi na baadhi ya dawa, zikiwamo za msongo wa mawazo, nazo huleta jasho. Majipu yanayorudi rudi kwapani na kuacha makovu ni ugonjwa wa ngozi unaotibika vyema ukiwahiwa.

Daktari wa ngozi, awe katika kliniki binafsi au kwa rufaa ya hospitali ya umma kama ile ya Kenyatta, ana njia nyingine pale alumini inaposhindwa: vidonge vinavyotuliza neva za jasho, ambavyo hukausha mdomo na huweza kuleta kufunga choo, na sindano za botulinamu, ambazo hukausha kwapa kwa miezi kadhaa, mara nyingi karibu sita, lakini ni ghali na hurudiwa. Upasuaji wa kukata neva uwe wa mwisho kabisa, kwa sababu wengi waliofanyiwa huanza kutokwa na jasho jingi mgongoni au tumboni, na neva ikishakatwa hairudi.

Limebaki la watoto. Kikwapa cha mtu mzima kwa msichana ambaye hajafika miaka 8, au mvulana ambaye hajafika 9, ni jambo la kumpeleka kwa daktari. Baada ya umri huo ni dalili ya kukua, na mzazi, shangazi au mjomba asingoje mtoto aambiwe na wenzake bwenini. Mwite faraghani, usimtaje kuwa mchafu, mweleze kwamba mwili wake umeanza kazi mpya. Mpe sabuni yake, taulo yake, mashati mawili ya pamba ya kubadilisha na kichupa chake, ukae naye usiku mmoja umwonyeshe namna ya kukausha kwapa kabla ya kupaka, kisha umwachie afanye mwenyewe.