Mpelelezi mwenye deni: namna ya kuandika tamthilia ya giza ya televisheni, ile ya uhalifu ambamo hata mpelelezi si msafi

Usianze na maiti. Kwa muda mrefu nilianza nayo, na nikifika sehemu ya tatu nabaki na mtu anayezunguka akiuliza maswali, basi. Siku hizi, kabla sijagusa onyesho lolote, naandika kwanza: mpelelezi huyu anadaiwa nini, na nani anamdai? Sema kaka yake alimlea, akamsomesha. Hilo ndilo deni litakalombana ukweli ukikaribia.

Kisha hisia zitoe mdomoni uzipeleke mikononi. Dashiell Hammett, Mmarekani aliyeandika riwaya za upelelezi, alifanya kazi ya upelelezi katika kampuni ya Pinkerton kabla ya kuwa mwandishi, na wahusika wake unawajua kwa wanavyotenda. Katika muswada wangu wa kwanza mjane wa aliyeuawa alilia, akahutubia ukurasa mzima. Nilifuta wote. Sasa anaosha kikombe, mpelelezi akimuuliza:

"Mama, mzee alirudi saa ngapi?"
"Kunywa chai, baba. Itapoa."

Anakiosha tena kikombe kile kile. Mezani, kando ya sahani, mpelelezi anaona kiberiti cha gesi chenye ufa. Anakijua: ni cha kaka yake. Mjane akigeukia bomba, anakitia mfukoni.

Hajasema neno, lakini tangu hapo naye ana la kuficha. Onyesho kama hilo nalipenda kuliko risasi kumi. Sauti ya msimulizi usiiweke hapo. Itaharibu kila kitu. Mwanga nao utaje mmoja tu, wa dirisha la jikoni, mengine mwachie mpiga picha.

Televisheni inakupa muda ambao filamu haina, na muda huo wape waliofiwa. Tamthilia ya Denmark, Forbrydelsen, mwaka 2007 ilifuata mauaji ya msichana mmoja kwa sehemu 20, kila sehemu ikichukua takriban siku moja ya upelelezi. Wazazi wake hawakusahaulika baada ya mazishi. Tulikaa nao, tukawaona wakichoka. Nakuomba sana ujifunze hilo.

Kila sehemu ifunge kwa uamuzi wa mpelelezi: leo amekaa kimya, kesho anadanganya kwenye ripoti, keshokutwa mtu asiye na hatia analala mahabusu. Sehemu ya mwisho muuaji akamatwe, watazamaji wamesubiri vya kutosha. Kiberiti kibaki mfukoni.