Jinsi ya kulielewa neno "pontificate": ni upapa au ni kujikweza?

Ukisoma Kiingereza utakutana na neno pontificate, leo liko kwenye habari ya Vatikani, kesho mtu analitumia kumsema jamaa anayejifanya mjuaji wa kila kitu, na kamusi inakupa maana zote mbili bila kukwambia zilikutania wapi. Mi naona hapo ndo watu wengi wanapotea, manake ukishajua zilivyoungana, kulitafsiri kunakuwa rahisi sana.

Kwanza angalia kama ni nomino au kitenzi. Likiwa nomino ni cheo cha papa au askofu, au muda aliokaa nacho, kwa mfano upapa wa Pio IX ulianza 1846 ukaisha 1878, wa Yohane Paulo II ni 1978 mpaka 2005. Hapo hamna dongo lolote, andika "upapa" au "kipindi cha upapa" usonge mbele. Hata kwa sikio unaweza kutofautisha, nomino mwisho wake unamezwa kama "ket" fupi, kitenzi kinavutwa "keit".

Kitenzi ndo chenye kazi, na ili ukielewe inabidi urudi Roma ya kale. Kilatini kulikuwa na pontifex, yaani kuhani fulani wa Kirumi, na neno lenyewe ukilifungua unaona pons, yaani daraja, na facere, kutengeneza, kwa hiyo ni mjenga daraja. Varro, msomi wa Kirumi, aliandika kwamba makuhani hao waliitwa hivyo kwa sababu ndo walijenga na kukarabati daraja la mbao pale Roma, Pons Sublicius, ila yeye mwenyewe anataja kwamba Scaevola, ambaye alikuwa kuhani mkuu, alikuwa na maelezo tofauti, na wataalamu wa leo bado wanabishana, wengine wanasema zamani hiyo pons ilikuwa na maana ya njia. Kwa hiyo ukimfundisha mtu mwambie daraja ndo maelezo maarufu, usimwambie kesi imefungwa.

Mkubwa wao aliitwa pontifex maximus. Julius Caesar alichaguliwa kushika cheo hicho mwaka 63 KK, na Augustus akakichukua mwaka 12 KK, baada ya hapo kikawa cha makaisari. Makuhani hawa ndo walikuwa wanasema siku gani ni halali kwa shughuli na ibada ifanyweje, yaani wakishatamka imetoka. Baadaye Wakristo wa Kilatini wakalichukua neno, kwenye Vulgata, ile Biblia ya Kilatini, waraka kwa Waebrania unatumia pontifex pale ambapo sisi tunasoma "kuhani mkuu", kisha likawa la maaskofu na hasa Papa. Kitenzi pontificare kikawa kufanya kazi ya askofu, kuadhimisha ibada kiaskofu, na maana hii bado iko hai, ukiona kwenye sentensi kuna misa, mitra (ile kofia ndefu ya askofu) au fimbo ya kichungaji basi ni hiyo na haina ubaya.

Karne ya 19 ndo Kiingereza kikaanza kukitumia kitenzi hiki kwa mtu yeyote anayeongea kama vile ana kiti cha uaskofu wakati hana. Hapa ndo pa kushika sana. Kosa sio kuongea sana! Mtu anaweza kupiga stori saa nzima asiwe anafanya hivi, na mwingine akatoa sentensi mbili tu za "hili liko hivi, wasiojua wanyamaze" akawa tayari amefanya. Kinachochokoza ni kujipa mamlaka ambayo hakuna aliyekupa.

Ndo maana "kuhubiri" nalikwepa kwenye tafsiri hata kama linaonekana karibu, mhubiri anakushawishi ubadilike, huyu wa pontificate hakushawishi, anakutangazia. "Kupayuka" nalo halifai kabisa, hilo ni la sauti. Jaribu "anaongea kama neno lake ndo la mwisho", au "anajifanya mjuaji" kama maandishi ni ya kawaida, na kama ni rasmi "anatoa kauli kwa kujikweza" inakaa vizuri. Ni ndefu kuliko neno moja, sawa, lakini msomaji anapata kile kile kilichokusudiwa.

Alafu usije ukalipeleka hilo dongo kwenye pontiff, hilo ni Papa tu, kwa heshima. Na kama unatafsiri kutoka Kifaransa au Kiitaliano mambo ni yale yale, pontifier na pontificare zinabeba ibada na kujikweza kwa pamoja, kwa hiyo rudi kwenye mitra na fimbo, kama hazipo karibu basi mtu anasemwa hapo.