Kabla ya kulipia hoteli Diani, uliza mwezi

Wapwa zangu wa Nairobi wakipiga simu huanza namna moja: "Shangazi, tunashuka Diani siku tatu, tutafutie hoteli ya bangili." Nami huwajibu namna moja: "Mwezi ngapi?" Wakisema Agosti, nawaambia sikuuliza wa kalenda ya ukutani. Nauliza mwezi wa juu, umeandama siku ngapi, kwa sababu huo ndio utakaoamua kama mtaogelea au mtatembea juu ya mwani mkiyafuata maji yalikokwenda.

Hoteli ya bangili, kwa asiyejua, ni ile unayolipa mara moja, ukavikwa bangili ya plastiki mkononi, kisha chakula, vinywaji na michezo ya pale pale ni vyako mpaka siku ya kuondoka. Nilikaa mapokezi katika hoteli ya aina hiyo miaka 11 kabla sijaingia biashara ya leso hapa Ukunda, mji ulio jirani na ufuo wa Diani, kusini mwa Mombasa. Wageni wengi niliowavisha walichagua kwanza picha ya bwawa, tarehe baadaye, na matembezi ya nje wakayakumbuka wakiwa wameshafika. Mimi napanga kinyume: maji, upepo, matembezi, halafu hoteli.

Maji ya huku hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50. Siku ya mosi hadi ya 3 tangu mwezi kuandama, na tena ya 15 hadi ya 17, ni bamvua. Bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kupwa kwenyewe huangukia saa 4 au saa 5 asubuhi, wakati ule ule mgeni anapotoka kustaftahi taulo begani. Anakuta bahari imeenda mwambani. Siku ya 8 au 9 ya mwezi huo, na ya 22 au 23, ni maji mafu: tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na maji yako juu asubuhi hiyo hiyo. Kama safari yenu ni ya kuogelea na watoto au kujifunza kupiga kasia ukiwa umesimama juu ya ubao, tafuteni maji mafu. Kama mnataka kutembea hadi karibu na mwamba na kuona viti vya pweza vya bahari, yaani samaki nyota, njooni bamvua, mvae viatu vya mpira, kwani kuna wale wanyama weusi wa miiba mirefu wasiosamehe unyayo. Samaki nyota muacheni majini. Kumtoa kwa ajili ya picha ni kumuua.

Niseme na la kwangu, mimi mzaliwa. Mwaka fulani nilimchukua dada yangu na wanawe kwenye mashua ya kioo siku ya bamvua, nikishughulika na uji na chupa za watoto hata nikasahau kuuliza saa ya maji. Tulikwama mchangani kama ngalawa mbovu. Kwa karibu saa mbili tulitazama kupitia kile kioo, na chini yake ulikuwa mchanga tu.

Upepo sasa. Kaskazi, toka Desemba hadi Machi hivi, huleta joto na maji maangavu. Huo ndio wakati wa kuzamia. Kusi huvuma kuanzia masika hadi Septemba: bahari huchafuka, mwani hurundikana ufukweni, lakini bei hupungua, hasa Aprili hadi Juni, na kuanzia Julai hadi Septemba nyangumi wenye nundu hupita hapa wakitoka bahari za kusini. Wanaocheza kaiti, ule mchezo wa kuburutwa na tiara juu ya ubao, hutaka upepo wenyewe, kwa hiyo huja Januari au Julai na kukaa upande wa Galu, kusini mwa ufuo. Matlai ya Oktoba na Novemba ndiyo niipendayo mimi, maji yametulia na wageni hawajajaa. Aprili na Mei mvua hunyesha kwelikweli, na baadhi ya hoteli hufunga zikapaka rangi.

Ukishajua maji na upepo, chagua tembezi moja kubwa. Moja. Kwa usiku tatu zaidi ya hapo ni kukimbizana.

Langu ni Kisite. Unatoka Diani alfajiri kwa gari, saa moja hivi kuelekea kusini hadi Shimoni, unapanda jahazi au boti, unapita kando ya Wasini ukielekea hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti. Pomboo wako, ingawa hakuna nahodha mkweli atakayekuahidi. Nahodha anayewafukuza kwa injini ili ulipe bakshishi, mwambie apunguze. Kisite yenyewe unavaa miwani na mrija, unaangalia matumbawe na samaki wa kila rangi, kisha mnarudi Wasini kula kaa na samaki. Kisiwa hakina magari. Bakisheni nguvu ya kupita juu ya daraja la mbao la kikundi cha akina mama wa Wasini, linalokatiza kwenye mikoko na mawe ya matumbawe makuukuu. Kiingilio chake kinabaki kijijini. Mapango ya Shimoni, walikozuiliwa watumwa, yako hatua chache kutoka gatini. Ada ya hifadhi ni ya Shirika la Wanyamapori, KWS, nayo hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, si kwa noti mkononi. Atakayekuomba noti za "tikiti ya park" ufukweni, mpite.

Asiyependa chombo aende Shimba Hills, juu ya Kwale. Kuna ubaridi asubuhi, kuna ndovu, na ndipo mahali pekee Kenya utakapomwona palahala porini, yule swala mkubwa wa pembe zilizopinda nyuma. Mnashuka kwa miguu na askari wa wanyama hadi maporomoko ya Sheldrick, na kurudi ni mlima, kwa hiyo msibebe bibi mwenye magoti. Hilo ni tembezi la nusu siku ukianza mapema.

Madogo yako mlangoni. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Utafungwa kaniki kiunoni, na hutaondoka na hata jani. Upande wa pili, kaskazini mwa Diani, Mto Kongo unapomwaga maji baharini penye msikiti wa kale na mibuyu, ni pazuri jioni. Wapo pia wanaoruka kwenye ndege na mwalimu mgongoni wakatua mchangani. Mpwa wangu mmoja aliruka. Mimi nilishika viatu vyake.

Kuzamia kwa mtungi kuna sharti ambalo mapokezi tulichoka kulieleza: baada ya kuzamia ngoja angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Hata garimoshi linakupandisha hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Kwa hiyo zamia siku yako ya kwanza kamili huku, usingoje asubuhi ya kuondoka. Mwenye pumu au tatizo la masikio amwone daktari akiwa bado nyumbani, maana fomu itamuuliza.

Sasa ndiyo hoteli, na kalamu. Usiku tatu ni takribani vyakula tisa. Kila siku nzima ya kutoka inakula chakula cha mchana kimoja na vinywaji vya mchana kutwa ambavyo umeshavilipia. Niliwahi kupokea mtu na mkewe waliolipa bangili kamili, kumbe wana Kisite siku ya pili na Shimba siku ya tatu. Chakula cha mchana walikula kimoja tu hotelini, siku ya kufika, tena walichelewa wakakuta saladi. Hesabu yangu ni hii: ukitoka siku moja, bangili inakulipa, ukitoka mbili, chukua hafu bodi, yaani kifungua kinywa na chakula cha usiku. Na kama nyumba yenu hamnywi pombe, kama mimi, ulizeni bei ya fulu bodi, yaani milo yote mitatu bila vinywaji, kabla ya kitu kingine, kwani tofauti ya bei mara nyingi iko kwenye kaunta ya vinywaji.

Maswali yaulize kwa maandishi, upate jibu la maandishi. Vinywaji ni hadi saa ngapi? Juisi ya matunda ni ya matunda au ya unga? Ule mgahawa wa samaki wenye mishumaa uko ndani ya bangili au una bili yake? Tukitoka alfajiri mtatufungia chakula? "Michezo ya majini" kwenye karatasi ya hoteli huwa ni ile isiyo na injini, kayaki na mbao. Chenye mota kina bei yake. Raia na wakaazi wana bei yao, basi itaje mapema na mje na vitambulisho, watu wazima wote. Kuvisahau kumeshaharibu fungate hapa mbele ya macho yangu.

Wale vijana wa ufukweni watawajia kabla hamjatoa viatu. Si wote wabaya. Wengine ni watoto wa majirani zangu na wanaijua bahari kuliko kitabu. Kwa boti, taka kuona leseni na jaketi la kuokolea kwa kila kichwa, mtoto awe na la kimo chake, na lipeni amana tu, iliyobaki mkirudi nchi kavu. Chumbani fungeni madirisha. Mbega, wale weusi wenye mabega meupe, ni waungwana, wanapita zao kwenye ngazi za kamba juu ya barabara. Tumbili ndio wezi, na sukari ya chai wanaijua ilipo.

Njia: treni ya saa 2 asubuhi kutoka Nairobi inafika Miritini, stesheni ya Mombasa, mchana, na tangu barabara ya Dongo Kundu ikamilike hakuna haja ya feri ya Likoni. Mtafika Diani jioni, chumba kiko tayari. Treni ya usiku inawatupa Miritini kabla ya alfajiri, na chumba kwa kawaida ni saa 8 mchana. Nimeona watoto wamelala juu ya masanduku mapokezi, na sikuwa na funguo ya kuwapa. Wa ndege, uwanja wa Ukunda uko karibu na hoteli zote.

Siku ya kurudi mtatoka chumbani saa 4. Kama treni ni ya saa 9 alasiri, ombeni chumba cha kuogea na pa kuweka mizigo, ogeleeni, kisha dereva awe mlangoni saa 6 kamili. Stesheni mizigo hupangwa chini mstarini, mbwa wa polisi aipitie. Mara ya mwisho niliwafungia wapwa zangu samaki wa kupaka. Mbwa alikaa kando ya ule mfuko, akawa hataki kuondoka.